Mwaka Wangu Nepali: Somo Juu ya Hewa ya Milimani

Mhariri wa gazeti letu ameniomba muhula huu niandike habari za nchi ya Nepali, ambako nilifundisha kwa kujitolea mwaka 2017. Mwalimu wa Jiografia naye ameniomba nieleze somo la hewa ya milimani, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wetu wamejiandikisha kwenda Kilimanjaro likizo ya Desemba. Nitayafanya yote mawili kwa pamoja, maana kwangu mimi hayatengani.

Kwanza tuitazame ramani. Nepali iko kati ya India upande wa kusini na Tibet ya China upande wa kaskazini. Ni nchi nyembamba na ndefu, yenye urefu wa kilometa 800 hivi na upana wa kilometa 200 hivi, na eneo lake halifiki sehemu moja ya sita ya Tanzania. Lakini katika upana huo mdogo ardhi hupanda kutoka nchi tambarare ya joto, iliyo chini ya mita 100 juu ya usawa wa bahari, mpaka kilele cha Everest chenye mita 8,848. Duniani kuna milima 14 tu inayozidi mita 8,000, na minane kati yake imo Nepali au iko mpakani mwake.

Milima hiyo haikutokea kwa moto wa chini ya ardhi kama Kilimanjaro yetu. Bamba la ardhi linalobeba India lilisukumana na lile la Asia mamilioni ya miaka iliyopita, ardhi ikajikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani, na msukumo huo haujakoma hata leo. Ndiyo sababu nchi hiyo ina matetemeko. Lile la tarehe 25 Aprili 2015 liliua watu wapatao 9,000 na kubomoa maelfu ya madarasa. Ilikuwa Jumamosi, karibu na adhuhuri, na Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko ya shule huko. Kila mzazi niliyezungumza naye alilitaja jambo hilo, tena kwa sauti ya chini.

Nchi hiyo ilikuwa imefungwa kwa wageni wengi mpaka mwaka 1951, na wakati huo watu waliojua kusoma walikuwa kama watano tu katika kila mia. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wamefika 76 katika mia. Kazi hiyo kubwa ilifanywa na Wanepali wenyewe, ingawa walimu wa kujitolea walitia mkono wao. Wale wa Peace Corps ya Marekani walianza kufika mwaka 1962. Mwaka mmoja kabla yao, Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay tarehe 29 Mei 1953, alisaidia kujenga shule katika kijiji cha Khumjung, kwenye urefu wa karibu mita 3,800, kwa sababu Washerpa walipoulizwa wanataka nini, walitaja shule.

Mimi sikupelekwa kwa Washerpa. Kijiji changu kilikuwa chini zaidi, kwenye vilima vya Solu, yapata mita 2,000 juu ya bahari, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka barabara ya gari. Huko watu hawahesabu safari kwa kilometa, huhesabu kwa saa, na saa zenyewe ni za miguu yao, si ya mgeni. Kila nilipoambiwa saa mbili nilijiandaa kwa nne.

Mambo mengi yalinishangaza kwa jinsi yalivyofanana na kwetu. Watu hawaitani kwa majina matupu. Mwanamume aliyekuzidi umri ni dai, yaani kaka, na mwanamke ni didi, yaani dada. Mdogo wako wa kiume ni bhai. Mwenye duka, dereva, mpishi, wote huitwa hivyo. Mizigo huchukuliwa katika tenga kubwa liitwalo doko, kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso, kama kina mama wa Kikuyu wanavyochukua kuni. Chakula cha kila siku ni wali na dengu, asubuhi saa nne kabla ya shule na tena usiku. Lakini katika nyumba za maskini, na katika nyumba niliyopanga, mara nyingi tulikula dhindo, ambao ni ugali hasa. Mama mwenye nyumba alinipikia wa ulezi siku ya kwanza akiomba radhi kwamba si chakula cha wageni. Nikaumega, nikaufinyanga, nikachovya mchuzi, naye akacheka mpaka majirani wakaja. Baadaye nilimweleza kwamba ulezi huo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ambako ulianza kulimwa, ukavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Hakusadiki. Kwao ulezi ni chakula cha babu zao, nao wana haki ya kusema hivyo.

Nilifundisha sayansi na hesabu katika madarasa ya juu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa busara: alikataa nifundishe peke yangu. Aliniambia, "Wewe utaondoka mwakani. Ukiwa na darasa lako mwenyewe, utaondoka na somo." Basi kila kipindi nilisimama na mwalimu kijana wa pale, leo mimi, kesho yeye. Nilichukizwa kidogo mwanzoni, nakiri, kwa kuwa nilijiona fundi. Kufikia mwezi wa pili niliona kwamba yeye ndiye aliyenifunza jinsi ya kuzungumza na wale watoto.

Jambo moja lilinishinda. Nikimaliza kueleza, niliuliza, "Bujhyo?" yaani, mmeelewa? Na darasa zima, watoto arobaini na zaidi, waliitikia kwa sauti moja, "Bujhyo, Sir!" Kisha katika mtihani nusu yao hawakuandika kitu. Wasomaji wa gazeti hili hawana haja ya kwenda Asia kuyaona hayo.

Sasa nije kwenye safari yenyewe. Sikukuu kubwa ya Wanepali ni Dashain, inayoangukia kati ya Septemba na Oktoba, na majuma matatu baadaye kama hivi huja siku ya mwisho ya sikukuu ya Tihar, ambapo dada huwabariki ndugu zao wa kiume. Katikati ya sikukuu hizo mbili nilikuwa na siku za kutosha, niliona, kwenda kuutazama mlima Everest kwa karibu na kurudi. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza darasa la kumi kwetu, mwenye miaka kumi na minane, aliomba anichukulie mzigo ili apate ada ya darasa la kumi na moja. Mama yake alikubali kwa sharti moja: awe nyumbani siku ya dada yake.

Hapa ndipo ulipo ujinga wangu, nami sitauficha. Mwaka 2009, nilipokuwa chuoni, nilipanda Kilimanjaro mpaka Uhuru, mita 5,895, wala sikuumwa hata kichwa. Kituo cha wapandaji wa Everest kiko mita 5,364 tu. Nikajiambia: huko ni chini ya kule nilikokwisha fika. Nikasahau kwamba mwili hauweki akiba ya mlima wa miaka minane iliyopita. Mazoea ya hewa nyembamba hupotea baada ya majuma machache. Tena nilidhani kwamba mtu akiwa Mnepali basi milima ni yake. Washerpa wameishi juu kwa vizazi vingi, na wataalamu wameonyesha kwamba damu yao kweli ina maumbile ya kuvumilia. Lakini kijana wangu hakuwa Msherpa. Alizaliwa na kukulia kwenye mita 2,000, wala hakuwa amewahi kulala mahali palipozidi 3,000. Alikuwa mgeni wa mlima kuliko mimi.

Wanafunzi watakaosafiri na waangalie hapa. Hewa ya juu ya mlima ina oksijeni sehemu 21 katika mia, sawasawa na hewa ya Tanga au Mtwara. Kinachopungua ni uzito wa hewa inayotukandamiza. Ukiwa ufukoni, hewa yote iliyo juu yako hukandamiza ile unayoivuta. Ukipanda, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, na ile unayoivuta imetawanyika. Kwenye mita 5,500 mkandamizo ni nusu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi moja inakupa nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili hujitahidi: pumzi huenda mbio, moyo hupiga upesi, na baada ya siku kadhaa damu huongeza chembe nyekundu. Lakini mwili unataka siku hizo. Kanuni ya waganga ni kwamba ukipita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila siku ya tatu au ya nne upumzike. Kupanda mchana juu zaidi na kurudi kulala chini hakuna neno.

Ushahidi wa hewa nyembamba uko jikoni pia. Maji ya pwani huchemka kwa nyuzi 100 za joto, lakini kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango hicho hushuka kama nyuzi moja. Juu kabisa tulikofika, maji yalichemka kwa nyuzi 83 hivi. Yanatokota, yanaruka sufuriani, lakini dengu haziivi. Ndiyo maana katika kila jiko la milimani utasikia sufuria ya mvuke ikipiga filimbi. Kifuniko chake huzuia mvuke, mkandamizo hupanda, na maji hupata moto wa kutosha.

Tulitoka kijijini tukaenda siku nne kwa ile njia ya zamani waliyopita watu wa 1953, tukishuka mitoni na kupanda tena, tukavuka madaraja ya nyaya yanayoning'inia, mpaka tukafika Namche, mita 3,440. Kila mtu hupumzika hapo siku mbili. Mimi nilihesabu siku zangu, nikaona tuendelee. Waongozaji tuliopishana nao walisema, "Bistari, bistari." Maana yake ni polepole! Neno lile lile wanaloimbiwa wageni pale Marangu, na mimi niliyelizaa nililiacha likapita. Usiku uliofuata tulilala Pangboche, chini kidogo ya mita 4,000. Siku iliyofuata, badala ya kusimama njiani, tulikwenda moja kwa moja mpaka Lobuche, mita 4,940. Karibu mita elfu moja kwa siku moja, mimi mikono mitupu, yeye na mzigo wa kilo kumi na tano.

Njiani nilimwuliza mara nyingi, "Uko sawa?" Alijibu kila mara, "Thik chha, Sir." Sawa, Mwalimu.

Jioni tulikaa katika nyumba ya wageni, karibu na jiko linalowashwa kwa samadi kavu ya yaki. Mimi kichwa kilinigonga, nikanywa supu. Mwenye nyumba, didi mmoja wa makamo, alikuwa akimtazama kijana. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu amekula leo?" Sikuweza kujibu. Siku nzima sikuwa nimeangalia kama amekula.

Akamwita, "Bhai, njoo," akamwonyesha mstari kati ya mbao mbili za sakafu, akamwambia atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Alikwenda hatua tatu, akayumba kama mlevi, akaanguka juu ya benchi. Nilikijua kipimo hicho. Nilikuwa nimekisoma kitabuni. Ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni, na mtu wa namna hiyo akiachwa alale, huenda asiamke.

Nikasema tutashuka alfajiri. Didi akasema, "Hapana. Sasa." Hakupaza sauti. Alimtoa mpwa wake kitandani, akakata upande mmoja wa doko, akatandika blanketi ndani. Yule kijana akaketishwa, mpwa akavaa mkanda pajini, akasimama naye mgongoni. Nilichukua mzigo wangu mwenyewe na tochi.

Mwendo ule sitausahau. Mbele ya teremko la Thukla kuna nguzo nyingi za mawe, kumbukumbu za watu waliokufa katika Everest, na tochi ilizimulika moja baada ya moja. Kijana alikuwa akisema maneno yasiyopangika, mara Kinepali, mara Kiingereza cha darasani, akikariri jibu fulani la mtihani wa sayansi. Mpwa hakupumzika ila mara tatu, akiegemeza tenga juu ya fimbo yake. Tulipokwisha kushuka ule mteremko mkali, kijana alinyamaza, nami nikaogopa. Kisha akaomba maji kwa sauti yake ya kawaida.

Pheriche, kwenye mita 4,370, ipo zahanati ya Himalayan Rescue Association, ambayo hufunguliwa majira ya wapandaji. Tuliwagongea usiku wa manane. Daktari alimwekea oksijeni, akampa dawa ya kupunguza uvimbe, akakaa naye mpaka kulipokucha. Asubuhi aliniita akanionyesha mfuko mrefu, mfano wa mfuko wa kulalia, usiopitisha hewa, wenye dirisha dogo na pampu ya mguu. Mgonjwa hutiwa ndani na hewa husukumwa mpaka mkandamizo unapanda, kana kwamba ameshushwa mita elfu moja na mia tano au zaidi bila kuondoka alipolala. Ni ile sufuria ya mvuke, kwa kanuni. Lakini aliniambia kwamba mfuko ni wa kungojea tu, wala dawa ni ya kungojea tu. Dawa yenyewe ni kushuka. Akaongeza kwamba wachukuzi kutoka vilima vya chini huugua sawa na wageni, ila wao hawasemi, kwa kuogopa kukosa ujira.

Nilimwuliza kijana kwa nini hakuniambia. Akafikiri, akasema kwamba kichwa kilianza kumuuma tangu Namche. "Lakini Sir aliuliza kama niko sawa." Kwake lile lilikuwa swali lenye jibu moja, kama lile la darasani.

Tulirudi polepole. Everest sikuufikia, ila niliuona kwa mbali juu ya ukingo wa milima mingine, kipande cheusi chenye moshi wa theluji. Kijijini nilikwenda na mwalimu mkuu mpaka kwa mama yake, nikamweleza yote bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kama nilimlipa ujira wa siku zote tulizopanga au wa siku alizochukua mzigo. Nikasema wa siku zote. Akaingia ndani kupika.

Siku ya dada ilipofika niliitwa. Dada yake, msichana wa darasa la saba, alimzungushia ndugu yake duara ya mafuta na maji sakafuni, ili Yama, mwenye mauti, asiivuke. Akampaka pajini rangi saba, akamvika shada la maua ya zambarau ambayo hayanyauki upesi, kisha akaweka jozi mlangoni akaipasua kwa jiwe kwa pigo moja. Halafu akaniambia nikae mahali pale pale. Nilisema mimi si ndugu. Mama yake akasema kutoka jikoni, "Keti." Nikaketi.

Shule ilipofunguliwa niliacha kuuliza "Bujhyo?" Mwalimu mwenzangu na mimi tuliwapanga watoto wawili wawili, kila mmoja akimweleza mwenzake somo kwa maneno yake, nasi tukipita kusikiliza. Palikuwa na kelele, na mzazi mmoja alilalamika kwamba darasa limekuwa soko. Lakini mtoto haoni haya kumwambia rafiki yake, "Hapa sijafahamu."

Safari yetu ya Desemba itafika Horombo, mita 3,720, wala haitazidi hapo. Tutalala Mandara kwanza, mita 2,720. Tofauti ya vituo hivyo viwili ni mita elfu moja, nanyi mmekwisha kujua mimi naionaje. Kwa hiyo tutakaa Mandara usiku wa pili, na mchana wake tutapanda mpaka kasoko ya Maundi na kurudi. Nimeomba siku hiyo iongezwe, na Mwalimu Mkuu amekubali. Kila msafiri amepewa mwenzake mmoja. Kila jioni mwenzako ndiye atakayekuuliza mambo haya, wala si mwalimu: umekula nini na kiasi gani, kichwa kinauma mahali gani, jana ulilala saa ngapi. Kisha utatembea juu ya mstari mbele yake. Hakuna swali la "uko sawa" katika karatasi hiyo. Majina ya wawili wawili yamebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya taaluma, na wazazi wanaotaka kuniona juu ya mavazi ya baridi nitakuwapo siku ya kufunga shule, kuanzia saa tatu asubuhi.